Kulasi ya Sebarenzi

…hapana, haiwezekani, labda ameishika vibaya, labda kidole gumba kimekufa ganzi kwa baridi, ngoja ajaribu tena, polepole, kiganja chini ya kirungu cha mkono wa kulasi ya bunduki, inua, na kulasi ikainuka nusu ikakwama palepale ilipokwama mara ya kwanza, nzito kama mtu anayevutwa shati kutoka nyuma, na Marcellin akaishusha upesi, akatazama kushoto na kulia… hakuna aliyeona, macho yote yalikuwa ng'ambo ya bonde penye mbao za shabaha, mzungu wa pili ndiyo kwanza alikuwa amelala kifudifudi juu ya turubai lake, anapanga viwiko, anakohoa, anapanga tena, na baada ya huyu ni zamu ya mzee Sebarenzi, ndiyo, Sebarenzi mwenyewe, kapita, msimamizi wa vibarua wa shamba la pareto la Bwana Léonard, askari wa zamani, baba yake Athanasie, mzee ameketi hapahapa kando yake juu ya gunia, macho ameyafumba, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, maana alipofika tu alimpa Marcellin bunduki akasema, “Shika, miye napumuzisha macho,” na akayapumzisha kweli, mvuke wa pumzi yake unatoka, unapotea, unatoka, ametulia utadhani yuko kanisani misa haijaanza, na yeye Marcellin jasho linamtoka kwenye baridi hii ya mwezi wa saba, jasho la kwapani, ndani ya shati jeupe jipya alilolishonesha kwa ajili ya leo, leo kati ya siku zote, Mungu wangu, na mkono wa kulasi umegoma.

Hesabu, Marcellin, acha kuhema, hesabu… mzungu ana risasi tano, na kila risasi ikilia mtu wa kibendera anatoka shimoni kule ng'ambo, anasogea penye ubao, anaonyesha kwa fimbo mahali ilipoingia, anarudi shimoni kwa hatua zake mwenyewe, kwa hiyo dakika zipo, kumi, labda kumi na mbili kwa jinsi huyu anavyokohoa, na katika dakika kumi mtu anaweza kufanya nini, anaweza kusema naenda haja na asirudi, anaweza kushuka Kibabi kwa njia ya mtoni, akafika barabarani, akadandia lori la mbao, kesho kutwa yuko Walikale kwenye karakana yake ya machimbo, na hakuna mtu wa mlima huu atakayemwona tena, jambo ambalo ndilo hasa mzee aliloagiza kwa maneno yake mwenyewe Pasaka iliyopita, siku Marcellin alipokwenda kujieleza, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu wa kuungama, anasema nampenda binti yako, na mzee hakujibu ndiyo, hakujibu hapana, aliinuka akaenda nyumbani kwa Bwana akarudi na kitu kimefungwa kwenye leso, akakifungua mezani, kulasi, kile chuma kinene kama kidole gumba cha mkulima na kirefu kama shibiri, kinachokaa nyuma ya mtutu, unainua mkono wake, unavuta, ganda linatoka, unasukuma, unashusha, umefunga risasi mpya… bunduki nzima bila karatasi ya serikali ni jela, lakini kulasi peke yake ni chuma tu, askari wa kizuizi cha barabarani atadhani ni komeo la mlango, na kweli alidhani… na mzee akaweka mkono wake wa kulia kando ya ile kulasi, ule wenye kifundo kilichopinda, ambao mlima mzima unaamini ulipigwa risasi kule Abisinia wakati wa vita, na yeye hajawahi kukanusha, ila siku ile akamwambia Marcellin ukweli, kwamba alidondokewa na nyumbu, nyumbu aliyebeba masufuria ya jeshi, na mtu akikwambia siri kama hiyo si tayari ni nusu ya ndiyo, Marcellin alijiuliza njia nzima, siku mbili, mpaka Walikale, si ni nusu ya ndiyo?

“Bunduki ya Bwana inapiga pale unatazama, haina kosa,” mzee alisema. “Lakini kulasi iko nzito. Nikiinua, bega inatoka, jicho inapotea, naanza upya kama mutu hajalala pale. Ifanye inyanyuke na hii mukono mubaya, jicho yangu ibakie palepale kwa shabaha. Ikikubali, leta wazee wako. Ukiharibu kitu ya Bwana, usionekane tena kwa huu mulima.”

Pa… risasi ya kwanza, mwangwi ukazunguka bonde ukarudi, ng'ombe wa Bwana Léonard wakainua vichwa, mtu wa kibendera akatoka, na Bwana Léonard mwenyewe kule mbele, kwenye kiti chake cha turubai, akauliza jirani yake imeingia wapi, maana macho yake yamefunga ukungu, haoni hata kibendera, na ndiyo sababu ya haya yote, macho hayo, kwamba mzungu aliyekuwa anashinda kila mwaka hawezi tena, akasema kapita wangu atalala mahali pangu, na wakulima wenzake wakanung'unika mwezi mzima, mtu mweusi kwenye shabaha yetu, imeonekana wapi, mpaka wakakubali kwa masharti apige wa mwisho, na habari ikashuka mlima ikapanda mwingine, na leo tazama, nusu ya Kibabi imekuja kukaa kwenye mteremko ule na watoto mgongoni na viazi vya kuchoma, wamekuja kumwona Sebarenzi akipiga, na bunduki ya Sebarenzi iko mapajani mwa Marcellin, na kulasi… jaribu mara ya tatu… inua… hapana, nzito, nzito kuliko Pasaka, walahi ni nzito kuliko Pasaka.

Na jana, jana jioni ilikuwa sukari, hilo ndilo linalomtia wazimu, jana jikoni kwa Mama Nyiraneza, moto unawaka, yeye amefika miguu imevimba, amemkabidhi mama mkwe… siyo mkwe bado, nyamaza… amemkabidhi Mama Nyiraneza zawadi ya Walikale, chupa ya mawese ya lita mbili, nyekundu, nzuri, imemwaga mwanga jikoni kote, na mzee akaipokea kulasi, akaitia kwenye kile kigogo cha mbao ambacho Marcellin alikichonga kama sehemu ya nyuma ya bunduki, akainua mkono wake kwa kifundo kibovu, na ikanyanyuka, ikanyanyuka kama hakuna kitu ndani, mzee akainua tena, akashusha, akainua, kisha akacheka, na Athanasie pale mlangoni na sufuria mkononi akasema baba hajacheka hivyo tangu ng'ombe azae mapacha, na akamtazama Marcellin, na yeye alitaka dunia isimame palepale, moto, sufuria, chupa, kicheko, kila kitu… halafu kulasi ikafungwa kwenye leso ikalala dirishani, asubuhi wakaichukua, kwa Bwana wakaipachika kwenye bunduki, na sasa hii, basi usiku ule nani ameigusa, hakuna, panya, panya hawali chuma, au ni bunduki yenyewe, labda bunduki na kigogo havifanani, labda alichonga kigogo kumpendelea, kujipendelea, fundi anajitengenezea mtihani kisha anaufaulu… au ni mikono yake, hiyo ndiyo hofu yenyewe, iseme tu, kwamba mikono yake ni ya kusafisha pampu za machimbo, siyo ya kitu laini kama hiki, kwamba mzee alikuwa sahihi kumpima, na kipimo kimemkataa.

Lakini kulasi aliipiga msasa vizuri, anajua aliipiga vizuri, siku kumi na moja, kila king'ora cha saa kumi kikilia na wenzake wakienda mtoni kuoga, yeye anabaki mezani na dirisha wazi upande wa magharibi apate mwanga, na kwanza hakugusa kitu, alitazama tu, siku mbili nzima za kutazama, ndani ya kulasi mna mteremko mdogo wa chuma, na kila unapoinua mkono, pua ya kipande kinachoshika pini inapanda mteremko ule, inaisukuma resori nyuma, resori ule waya uliojiviringa unaoipa pini nguvu ya kugonga risasi, kwa hiyo uzito wote uko pale, pua na mteremko, na akapaka masizi ya taa, akainua, akafungua, akatazama masizi yamefutika wapi, na pale palipofutika akaona matuta, matuta kama ya shamba la maharage, mtu wa zamani, sijui nani, alipita hapo na tupa ya kukwangulia majembe, akaacha makovu, na pua ya chuma maskini miaka yote inapanda matuta hayo kwa magoti… Pa, risasi ya pili… na Polycarpe, rafiki yake wa karakana, kila jioni anapita na taulo begani, anasema kata resori, kata mizunguko miwili, itakuwa nyepesi kama kufungua chupa, utaoa mwezi huu, na Marcellin akamjibu kwamba ikikatwa pini itaibembeleza risasi badala ya kuigonga, mzee atalala pale mbele ya wazungu, atavuta, kimya, na huo ndio utakuwa mwisho wa Marcellin, Polycarpe akasema haya, oa uzeeni… na msasa wa karatasi wa stoo ulikuwa mkavu, mkali, wa kukwangua mabomba, ungechimba matuta mapya juu ya yale ya zamani, na hapo ndipo akamkumbuka mama yake, Mukandori, amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba, anasugua mwiko mpya kwa jani, lile jani gumu linalokwaruza ulimi wa mbuzi, jani baada ya jani mpaka mwiko ukawa laini ukitelezea ugali, na mti wenyewe ulikuwa hapo nyuma ya karakana, miaka sita anauegemezea baiskeli, akachuma majani, akaviringa moja kwenye kijiti, majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, tone la mafuta, na akasugua, asikate, asipunguze, ang'arishe tu, sugua, paka masizi, tazama, sugua, na raha yake, nani atamwelewa akisimulia raha yake, raha ya kusikia kwa ncha za vidole tuta moja likilala, kesho yake lingine, mpaka siku ya kumi na moja alipoinamisha ule mteremko kwenye mwanga akaona humo tundu la pua yake mwenyewe, akacheka peke yake karakana nzima, akaimba, ndiyo, aliimba Gloria ya Pasaka yote mpaka mlinzi akaja kuchungulia… na mwisho kabisa, kwa mapenzi tu, akaipaka mawese, mapya, ya kupikwa asubuhi ileile, akaipaka pua na mteremko, akaona haitoshi, akamimina na ndani, akaishibisha resori mpaka ikafurika, maana Walikale mawese ni kila kitu, ni sombe ya majani ya muhogo, ni bawaba za mlango, ni mnyororo wa baiskeli, ni ngozi ya mtoto aliyezaliwa jana, na kulasi ikanyanyuka kwa kidole kimoja, kidole cha mwisho kile kidogo, akamwita Polycarpe ajaribu, na Polycarpe akanyamaza, Polycarpe, akanyamaza… sasa mikono iliyofanya hivyo inawezaje kuwa mikono mibaya, na kama mikono siyo mibaya, basi ni nini?

Nyuma yake wanawake wanacheka. Wamepanga majiko chini ya uzio wa miti, wanapikia wageni na mlima, maharage, sombe, viazi, na Mama Nyiraneza anasema kitu, Marcellin hasikii, hataki kusikia, anawaza lori la mbao, “…inakatala kutoka…” anawaza atamwambia nini Athanasie, yule pale mwenye kitambaa cha njano, amekataa wanaume wawili kwa ajili yake, mmoja mwalimu, na barua yake ya mwisho aliiandika kwa mwandiko wa masista, uliosimama wima kama miti ya uzio, “…kichwa yake ngumu kama mwenye kuileta…” kicheko tena, huyo ni Mama Joséphine-Marie, shangazi yake Athanasie, mdomo haupumziki, barua ilisema njoo na sweta, umeshakuwa mtu wa huko, umesahau, na yeye akacheka, yeye, mtoto wa milima hii, asahau baridi ya kwao, akaja na shati la pamba, Pa, ya tatu hiyo, haraka hii, mbona mzungu ameacha kukohoa, “…pindua chupa…” “…nimepindua, Mama, haishuki…” sauti ya Athanasie hiyo, “…piga makalio yake…” kicheko, mtu anapiga chupa kwa kiganja, pu, pu, pu, “…mawese ya Walikale iko namna hii, kule inakimbia kama maji, ikifika huku inaona baridi, inalala. Ilete kwa moto, mutoto wangu, ipate joto kidogo, utaona itatoka yenyewe…”

…itatoka yenyewe.

Marcellin hakugeuka. Alikaa vilevile, bunduki mapajani, ila kitu kilifunguka kifuani mwake polepole, mawese… mawese ya Walikale… kule inakimbia, huku inalala… na akaiona chupa bila kuitazama, nyekundu jana, leo imekuwa ya rangi ya chungwa, nzito, imeganda mpaka shingoni, na akaiona resori ndani ya kulasi, imekaa humo ndani ya mafuta yaleyale, kutoka chungu kimoja, cha mwanamke mmoja mpika mawese kwenye njia ya Omate, kule Walikale, imeganda, imeshikwa pande zote, na jana jikoni, bila shaka jana jikoni, moto ulikuwa unawaka, kisha dirishani, usiku, umande, we Marcellin, we fundi wa mafundi, mtoto wa Mukandori, ulilelewa kwenye nyumba ambayo chupa ya mawese inakaa jikoni karibu na mafiga kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kila mwaka, ulitumwa mara ngapi kuiweka mkekani kwenye jua, na miaka sita tu ya msituni imekufanya ushibishe chuma mawese na kukipandisha mlimani, Athanasie alikwambia njoo na sweta, alikwambia, na wewe ukacheka… na sasa akacheka tena, kimyakimya, mabega yanatikisika, kwa sababu kama ni mawese basi si mikono, mteremko bado unang'aa humo ndani, pua bado ni laini, kazi ya siku kumi na moja iko salama imefunikwa na mafuta ya sombe, mikono ni mizuri, ni mizuri, furaha ikampanda kooni nusura apige kelele katikati ya wazungu.

Haya, upesi sasa, na usiwe na haraka, vyote viwili… mdomo wa bunduki chini kwenye majani, hakuna risasi ndani, alishaangalia, aangalie tena, hakuna, akachomoa kulasi, akageukia uzio kidogo kama mtu anayetafuta leso, akazungusha kipande cha nyuma, mara moja, mbili, tatu, vidole vinaijua njia, ameifungua mara mia kwenye karakana, na pini ikatoka na resori yake, na hayo hapo, Bwana asifiwe, mawese, yameganda kati ya mizunguko ya waya kama mafuta ya nyama kwenye sufuria ya jana, hajawahi kuona kitu kibaya kilicho kizuri hivyo, na kitambaa kiko wapi, hakuna kitambaa, leso iko kwa mzee, basi shati, pindo la mbele la shati jeupe jipya, akalichomoa kwenye suruali akaviringa resori humo, akafuta, akazungusha, akafuta, doa likatoka pana kama ua la malenge, akaipitisha pini, akasokota ncha ya pindo akaiingiza ndani ya tundu la kulasi, akazungusha kama anayesafisha sikio la mtoto, ikatoka ya rangi ya chungwa, akatafuta sehemu safi, akaingiza tena, mpaka ikatoka karibu nyeupe, ikibaki ile alama tu ya mafuta ambayo chuma kinaihitaji, akaunganisha vyote, akafunga, kisha akaiingiza kulasi nzima ndani ya shati, chini ya kwapa, kwenye ngozi, na baridi yake ikampasua mbavu, aah, lakini akabana, Pa, ya nne, abane, joto lipo, miaka sita ya joto la Walikale liko ndani ya mwili huu, chukua, chukua lote, na pale kwapani, kwenye ubavu, akaisikia ikiacha kuwa baridi, ikawa vuguvugu, ikawa kama yeye, naye akafikiri atamweleza Athanasie yote, hataficha hata kitu kimoja, atamwambia nilikuwa nimeshika njia ya Kibabi kichwani, nilikuwa kwenye lori la mbao tayari, nikasikia sauti yako inasema haishuki.

Akaichomoa, akaipachika, akaweka kidole kimoja, kile kidogo cha mwisho, chini ya kirungu. Ikanyanyuka. Akaishusha, akasubiri moyo utulie, kidole kimoja tena, ikanyanyuka, hakuna kukwama, hakuna hata pumzi ya kukwama, na macho yakamlengalenga, mtu mzima, mbele ya nusu ya Kibabi, na akatazama milima ile na ukungu wake, viazi, majiko, ng'ombe, mtu wa kibendera anayerudi shimoni kama mzee wa kanisa, akapenda kila kitu, akapenda hata kikohozi cha mzungu.

“Nilisikia ikikatala.” Ni mzee Sebarenzi, macho bado yamefumbwa, kofia bado kwenye nyusi. “Mara tatu. Nikasema nikae kimya, nione kama ataamuka aende.”

Mambo yote mazuri ya kusema yakapita kichwani mwa Marcellin, kwamba ilikuwa umande, kwamba ni bunduki na kigogo kutofanana, kwamba chuma kinahitaji muda, yakapita yote yakaenda zao, akasema, “Ni kosa langu, Papa. Nilitia mawese. Nilisahau baridi ya kwetu.”

Mzee alinyoosha mkono, akapokea bunduki, akafumbua macho, na macho yale yakaenda moja kwa moja ng'ambo ya bonde penye ubao wa tatu ambao bado hauna tundu hata moja, yakakaa pale, na ule mkono uliodondokewa na nyumbu ukapanda wenyewe ukaigusa kulasi kwa vidole viwili, ukainua, ukashusha, ukainua, bega halikutoka, kofia haikutikisika, jicho halikuondoka kwenye shabaha hata kwa upana wa ukucha, naye Marcellin alikuwa anatazama bega lile kama mtu anayesoma barua aliyoingoja, inua, shusha, inua, kisha mzee akaishusha mara ya mwisho, akainusa kidogo mikono yake, akatazama shati jeupe lenye doa kubwa la rangi ya chungwa tumboni, akarudisha macho ng'ambo ya bonde.

“Inanuka sombe,” akasema. Kisha, kwa sauti ileile, kama anayeuliza habari za mvua, “Wazee wako watakuja wangapi? Mama Athanasie atataka kujua maharage ya kupika.”

Wangapi… baba mdogo wa Kibabi mmoja, na kaka yake mama, wawili, na katekista lazima, watatu, na Polycarpe siyo mzee lakini atakuja tu hata akikatazwa, wanne, au baba mdogo alishahesabiwa, ngoja, anza upya, baba mdogo, mjomba, katekista… na vidole vyake vilivyojaa mawese havikuweza kuhesabu, vilikuwa vinateleza kimoja juu ya kingine, na huko nyuma mtu akasema haya sasa inashuka, tazama inavyoshuka, na mafuta yakalia kwenye sufuria, na kule mbele mzungu wa pili akakohoa, akapanga viwiko vyake upya, risasi ya tano bado haijalia.